Barua kwa mwanangu anayehamia Yokohama, Japani

Mwanangu mpendwa,

Ukishapata chumba, una siku 14 za kwenda ofisi ya wilaya (jiji lina wilaya 18, wenyewe huziita ku) kuandikisha anwani. Chukua pasipoti na kadi ya ukaazi. Usitoke pale bila ratiba ya taka ya mtaa wako.

Usicheke. Mwaka 2003 jiji lilianza mpango wa G30, wa kupunguza taka kwa 30% ifikapo 2010, na mwaka 2005 likawa limeshafika. Kazi yote huanzia jikoni. Chupa ya plastiki ya kinywaji ifungue kizibo, ibandue lebo, isuuze, iponde. Yenyewe huenda na makopo na chupa za kioo. Kizibo na lebo vina siku yao. Mabaki ya chakula yachuje maji. Mfuko uwe wa kuonyesha ndani, ufike kituo cha taka cha mtaa kabla ya saa mbili asubuhi ya siku yake, na uufunike kwa wavu. Kunguru wa kule hawana simile. Ukichanganya taka, mfuko utaachwa palepale, majirani wauone. Nguo kuukuu hukusanywa na chama cha mtaa, ila usizitoe siku ya mvua: zikilowa huota ukungu, hazifai tena.

Mji wenyewe ulikuwa kijiji cha wavuvi, nyumba mia hivi. Mkataba wa 1858 na Marekani ulitaja Kanagawa, iliyo kwenye barabara kuu ya Tokaido, kuwa bandari ya kufunguliwa kwa wageni. Serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, haikutaka wageni wapite njia ile, ikawapa Yokohama, upande wa pili wa ghuba; bandari ikafunguliwa 1859. Makazi ya wageni yaliwekewa vizuizi vya ulinzi; ndiyo maana kuna mtaa uitwao Kannai, yaani ndani ya kizuizi.

Tarehe 1 Septemba 1923, dakika mbili kabla ya saa sita mchana, majiko yakiwaka, ardhi ikatetemeka. Moto ukala kilichobaki. Kifusi kikamwagwa baharini, na mwaka 1930 juu yake ikafunguliwa bustani ya Yamashita. Ukikaa kwenye benchi pale, umekaa juu ya nyumba za watu.

Kwa hiyo, usiku wa kwanza tu, weka maji lita 9, yaani lita 3 kwa siku, siku 3. Viatu viwe karibu na kitanda, maana vioo huvunjika kabla hujaamka vizuri.

Mama