Mabati ya Mama na Mpira wa Raundi ya Saba

Kent, Washington
24 Oktoba 2025

Ndugu yangu Ticha,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, baridi imeshaanza kung'ata, watoto wazima, mama watoto amenuna kwa sababu utakayoikuta mbele. Natumaini nyumbani kwema, na mzee wa Kashai ameshafunguliwa plasta yake.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na hili nataka nilimalize kabla hujaanza kunicheka. Mama atakuja kukuuliza habari za mabati. Pengine ameshakuja. Nilimwahidi kwamba mwezi wa kumi hautaisha kabla pesa ya kuezeka jiko haijafika mikononi mwako. Mwambie inakuja. Mwambie mtandao unasumbua, mwambie lolote utakaloona linafaa, ila usimwambie nilikuwa wapi tarehe 17.

Tarehe 17 nilikuwa uwanjani.

Najua umeshaweka karatasi chini na kuvua miwani. Ivae, tuendelee. Mariners, timu ya besiboli ya hapa kwetu Seattle, walikuwa wanacheza na Toronto, mechi ya tano ya nusu fainali, wamefungana mbili mbili, na ndiyo ilikuwa mechi ya mwisho kuchezwa hapa kwetu kabla ya kurudi Kanada. Mwanangu ana miaka tisa. Aliniuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejua jibu ni hapana. Bei ya tiketi sitakutajia. Nikuambie tu kwamba mabati yalikwenda, na misumari yake, na kofia za misumari.

Unakumbuka barua zangu za mwaka 2001, nilipofika? Sikujua besiboli ni mdudu gani. Nilikuwa napakia mizigo uwanja wa ndege, kila ninayemwona ana fulana yenye namba 51 na jina Ichiro mgongoni, nikadhani ni kampuni ya simu. Kumbe ni Mjapani, ndio kwanza yuko mwaka wake wa kwanza Marekani, na mwaka ule timu ilishinda mechi 116 kati ya 162. Hakuna timu ya ligi kuu iliyowahi kupita hapo mpaka leo. Basi mimi nilikuwa kama mgeni aliyeingia kijijini siku ya harusi akadhani watu wa pale wanakula pilau kila siku. Yankees wa New York wakatutoa kwenye mtoano, nikasema haya, mwakani. Hiyo mwakani ilikuja baada ya miaka 21. Mpaka 2022 hawakuingia tena kwenye mtoano hata kwa bahati mbaya.

Na bado sikuwaacha. Ukiniuliza kwa nini, nitakwambia ni redio. Mpira wetu ni wa wikendi, huu ni kama ndizi, upo mezani karibu kila siku kuanzia Machi hadi mwisho wa Septemba. Kiingereza changu chote nilikiokota kwa mzee Dave Niehaus, aliyekuwa akiwatangaza tangu timu ilipoanza mwaka 1977 hadi alipofariki 2010. Nilikuwa natoka zamu ya usiku, naendesha gari, sijui nusu ya maneno yake, lakini sauti ikipanda tu najua mpira umeruka ukuta. Mwaka aliofariki timu ilipoteza mechi 101. Mwaka 2008 vilevile, 101. Huku timu haishuki daraja, Ticha. Unachapwa mara mia na moja, unakwenda kulala, Machi unarudi kwenye ligi ileile kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hapo kwenye kushuka daraja nitarudi. Nina deni lako.

Mwaka huu ulikuwa na mambo yake. Kuna mdakaji anaitwa Cal Raleigh. Mdakaji ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, magoti yanateketea, jioni hawezi hata kupanda ngazi. Watu wa kazi hiyo hawatarajiwi kuwa wapigaji wakubwa. Huyu kapiga mipira 60 nje ya uwanja, wakati hajawahi kutokea mdakaji aliyefika hata 50. Jina lake la utani linahusu makalio yake na silitafsiri, maana nakujua, utaisoma barua hii kwa sauti barazani.

Halafu mwezi wa tisa timu ikaanza kuyumba. Sasa sikiliza hii. Shabiki mmoja akaingia mtandaoni, akatafuta mchawi wa Kizungu, akamlipa aisafishe timu. Kamati ya ufundi, waitu, Marekani! Wakaanza kushinda mfululizo, wakaubeba ubingwa wa kundi lao kwa mara ya kwanza tangu 2001. Kazini watu wenye digrii zao wananiuliza kama kwetu mambo haya yapo. Nikasema hapana, sisi tunategemea mazoezi.

Ile mechi ya mtoano na Detroit, tarehe 10, sikuiona. Niliisikia kwa sikio moja, kidude nimekificha chini ya kofia, nikipakia mabegi. Besiboli haina sare. Raundi tisa zikiisha mko sawa mnaendelea mpaka mmoja adondoke. Walikwenda raundi 15, karibu saa tano nzima. Jorge Polanco wetu alipopiga ule mpira wa ushindi nilimkumbatia msimamizi wangu, mtu ambaye hatujasalimiana vizuri tangu Pasaka.

Basi ndiyo uone nilivyokuwa nimeshalewa kabla hata ya tarehe 17.

Na tarehe 17 yenyewe, Ticha, siwezi kukudanganya kwamba najuta yote. Tulikaa juu kabisa, mahali ambapo wachezaji ni kama punje za mtama. Mtoto hakula kitu. Mpaka raundi ya nane tuko nyuma, 2 kwa 1, watu wameshaanza kushika vichwa. Raleigh akasawazisha. Mchezo ukauma huku, ukapuliza kule, besi zote tatu, vile vituo vya kukimbilia, zikajaa watu wetu, akaja Eugenio Suárez na gongo lake (la mti, si lile la mtaa wa pili kwenu). Mpira ulipanda upande wa kulia, na kabla haujatua mtu mzima wa nyuma yangu, simjui, alikuwa ameshanirukia shingoni analia. Nne kwa mpigo. Tukatoka 6 kwa 2. Imebaki kushinda moja tu twende fainali.

Ligi ina timu 30. Timu 29 zimeshacheza fainali, hata kama ni mara moja. Nadhani hiyo ya 30 umeshaijua.

Sasa, uwanja ule una paa linalotembea. Kweli kabisa. Mvua ikija, paa zima linasukumwa kwa magurudumu juu ya reli, linaufunika uwanja kama mwavuli, ubavuni wazi, treni inapita karibu inapiga honi. Wakati watu wanarukaruka nikainua macho nikaliona. Nikamfikiria Mama na jiko lake lenye turubai. Nimelipia kukaa chini ya paa lenye magurudumu kwa pesa ya paa la jiko. Nikamwambia mtoto tukae kidogo, akadhani nimechoka.

Jumapili tukafungwa. Sawa. Jumatatu tarehe 20, mechi ya saba, kule Toronto. Nilibadilishana zamu na yule Msomali, nikakaa kwenye kiti kilekile nilichokaa siku za ushindi, fulana ileile haijafuliwa (sababu ya kwanza ya kununiwa, ya pili ni tiketi). Julio Rodríguez wetu akapiga mmoja nje, Raleigh akapiga mmoja nje, tunaongoza 3 kwa 1. Raundi ya saba. Toronto wana watu wawili kwenye besi, kocha wetu akabadilisha mrushaji, na palepale simu ikawaka kwenye mkono wa kiti.

Mama. Alinibipu.

Huko kwenu ilikuwa kama saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ameamka kuwasha moto, nadhani, akatazama juu. Nami nikaigeuza simu kifudifudi. Nilipoinua macho George Springer wa Toronto alikuwa ameshauzungusha mwili, na mpira unakwenda kushoto, mbali, na uwanja wote wa Toronto umesimama. Watatu wakaingia. 4 kwa 3. Ikabaki hivyo mpaka mwisho. Julio ndiye aliyekuwa mpigaji wetu wa mwisho, akalipunga gongo hewani, basi. Raundi mbili nzima nilizokaa baadaye sikumbuki kitu isipokuwa ile simu, mgongo juu.

Usiniambie ni bahati mbaya tu. Najua. Lakini kwa nini asibipu raundi ya sita?

Mtoto alilia mpaka akapata kwikwi, nami nikamwambia, sikia nilichomwambia: "Ni timu tu." Maneno yakiwa bado mdomoni nikakukumbuka. Mwezi wa sita timu yako, Kagera Sugar, iliposhuka daraja ulinitumia sauti ya dakika nne. Nilisikiliza moja. Ulikuwa unaeleza ulivyotoka uwanja wa Kaitaba kwa miguu na hukutaka kupanda bodaboda kwa sababu ungetakiwa kuongea na dereva. Nikakujibu kikatuni kinachocheka, na chini nikaandika "ni timu tu, kaka." Kisha ukanyamaza miezi minne, nami nikajidai sijui kwa nini. Jana nimeisikiliza sauti yote, nikiwa kwenye gari, nimeegesha nje ya nyumba. Lile la mwisho, ulivyomkuta mzee wa geti anakunja bendera... Nisamehe. Ile likizo yangu uliponiburuta Kaitaba tukanyeshewa dakika tisini, nililalamika kuhusu viatu. Nisamehe na viatu.

Jambo jingine dogo. Pale uwanjani wanauza panzi. Wallahi. Wa Kimeksiko, wamekaangwa, wanatiwa pilipili, chumvi na limau, wanawekwa kwenye kikombe kidogo, na Wazungu wanapanga foleni wakipigana picha kama mashujaa. Nimewala. Ni panzi tu, wakavu, wanauma ulimi kwa ndimu, hawana mafuta hata kidogo. Kuna bibi mmoja muuguzi mstaafu, mwenye tiketi ya msimu, tunakutanaga sehemu za bei nafuu. Nimemwambia kwetu tuna wadudu ambao harusi inaweza kuvunjika kwa kuwakosa. Hakuniamini. Ameniambia nimletee mwakani, siku ya kwanza ya msimu.

Kwa hiyo: senene wameanza kuonekana? Mwaka huu unadhani watakuwa wengi au ndio kama ule mwaka wa taa zisizo na kitu? Dada yake Dulla bado anasafiri mwezi wa kumi na mbili? Anaweza kubeba kopo moja, waliokaushwa vizuri, bila kumwuliza maswali mengi?

Na Mama, ameshafika kwako? Alisema nini, na alisema kwa sura gani? Je, unaweza kunitangulizia hayo mabati, geji 28 tafadhali, si zile karatasi za mwaka jana, nikurudishie mshahara ukitoka tarehe 7? Jiko linavuja upande mmoja au pote? Na huko daraja la chini mnaendeleaje? Bado unakwenda Kaitaba? Unakaa wapi siku hizi, palepale kwenye kona, au umehama kwa hasira?

Leo ndiyo fainali inaanza, Toronto na Dodgers wa Los Angeles. Nimezima televisheni tangu saa kumi. Mtoto amekuja mara ya pili kuuliza kama tunaweza kuiwasha kidogo, bila sauti. Nimemwambia raundi moja tu.

Wako,
Baba Koku