Barua kwa mwanangu Mwajuma: usirudi kama Gulliver

Mwanangu Mwajuma,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hatujambo. Bibi yako anaendelea vizuri isipokuwa magoti, na mama yako ameshaanza kukufungia vitu ambavyo najua uwanja wa ndege watavitoa vyote. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatumalizi. Nikianza tu unasema "baba, nimeelewa", na mimi naona bado.

Shangazi yako ametuma tena ile video ya ghasia za Dublin, huko Ayalandi unakokwenda kusoma, za Novemba 2023, magari yanaungua, watu wanawapigia kelele wageni. Kaituma kana kwamba ni za jana, mama yako hakulala. Nimeitazama na nimeogopa kama mzazi yeyote. Usitembee usiku peke yako, usibishane na mtu kituo cha basi, na namba ya ubalozi iwe kwenye karatasi, si kwenye simu tu. Lakini hofu yangu kubwa haiko huko. Naihofia siku utakayorudi.

Kwenye begi lako nimekuwekea Safari za Gulliver, kile kizima. Ulichosoma utotoni ni kile cha picha, na cha picha huishia kwa wale wafupi na yale majitu. Safari ni nne. Ya nne hukuisoma, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Unajua meza yangu pale Samora ilivyo. Vitabu vya kompyuta vinazeeka mkononi. Vya namna ya kuwa tajiri vinakwenda msimu mmoja, kisha navirundika chini ya meza. Gulliver hakai. Mama anamtafutia mtoto wa darasa la tano anakichukua. Kijana wa chuo anakichukua. Kuna mzee mmoja mstaafu wa serikali huniulizia ile ya Kiswahili ya zamani, aliyoifasiri Frederick Johnson mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kila nikimwambia sina, anasimama pale pale anisimulie vipande alivyovishika kichwani. Wote hao wanataka kitabu kimoja, na kila mmoja anatafuta chake ndani yake. Nimekifikiria sana kitabu hiki kuliko vyote nilivyouza.

Kilitoka London tarehe 28 Oktoba 1726. Jina la mwandishi halikuwemo. Ukurasa wa mbele ulisema ni safari za Lemuel Gulliver, daktari wa meli aliyekuja kuwa nahodha. Mwenyewe alikuwa Jonathan Swift, kiongozi wa kanisa kuu la Mtakatifu Patrick, huko huko Dublin unakokwenda. Kaburi lake limo ndani ya kanisa. Ukipata nafasi nenda ukalione, mimi sitafika.

Watu hudhani kinadumu kwa sababu ya vichekesho. Vichekesho peke yake haviwezi kukaa karibu miaka mia tatu. Kule Lilliput watu wana urefu wa inchi sita, na vyeo vya ikulu anapewa anayeruka juu zaidi kwenye kamba bila kuanguka. Watu 11,000 wamekubali kufa kuliko kuvunja yai upande mwembamba. Wasomaji wa London walijua mara moja kwamba yule mweka hazina hodari wa kamba ni Robert Walpole, mkubwa wa serikali yao. Leo pale Samora Walpole hakuna anayemjua, na kamba bado inachekesha, kwa kuwa kila msomaji ana mtu wake wa kumpandisha. Yule mzee akifika hapo huwa anataja jina. Nami namwambia ashushe sauti.

Halafu Gulliver anafika kwa majitu, na sasa yeye ndiye anayeshikwa kiganjani. Anajisifu kwa mfalme wao kuhusu baruti, jinsi inavyobomoa kuta na kuua maelfu, akitegemea ataheshimiwa. Mfalme anashtuka kwamba kidudu kidogo namna ile kinaweza kuwa na mawazo ya kinyama. Mfalme huyo huyo anasema mtu anayeotesha mashuke mawili pale palipoota moja amewafaa binadamu kuliko wanasiasa wote wakiwekwa pamoja. Hapo msomaji aliyekuwa anacheka anajiona yeye ndiye mdogo. Swift hakupigi hotuba. Anakupandisha melini, meli inavunjika, unataka kujua mtu atapona vipi, na ukishtuka umeshahukumiwa pamoja naye. Ingekuwa hotuba ningeshalala zamani. Safari ndiyo inayokuvuta mpaka mahali ambapo kwa hiari yako usingekwenda.

Ndivyo alivyofanya Voltaire katika Candide mwaka 1759. Unacheka na yule kijana mjinga anayezunguka dunia akiamini kila kitu ni chema, mpaka Surinam anapokutana na mtumwa aliyekatwa mkono na mguu, anayemwambia kwamba hiyo ndiyo bei ya sukari mnayokula Ulaya. Kicheko kinakatika hapo hapo. Na ndivyo alivyofanya Shaaban Robert wetu na Kusadikika mwaka 1951, nchi iliyo angani, wakati wa Mwingereza, alipokuwa hawezi kusema wazi alilotaka kusema. Kusadikika ulikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, nadhani ndiyo maana hukukipenda. Kisome tena.

Sasa safari ya nne. Gulliver anaishi miaka mitatu na zaidi kwa farasi wenye akili na adabu, ambao hawajui hata kusema uongo. Watu wa nchi ile ni Wayahoo, wachafu na walafi, wanaishi kama wanyama. Anawapenda farasi mpaka anajichukia umbo lake mwenyewe. Anapofukuzwa, anaokolewa na nahodha Mreno, Pedro de Mendez, mtu mwema kuliko wote katika kitabu. Anampa chumba, chakula, anamtolea mpaka suti yake nzuri. Gulliver anataka kujitosa baharini kuliko kukaa na watu. Suti anaikataa, anachukua mashati mawili tu yaliyofuliwa.

Anafika nyumbani Uingereza. Mkewe anamkumbatia na kumbusu, naye anaanguka na kuzimia karibu saa nzima. Mwaka mzima wa kwanza hawezi kukaa chumba kimoja na mkewe na watoto kwa sababu ya harufu yao. Ananunua farasi wawili, anawajengea banda zuri, anazungumza nao kwa saa zisizopungua nne kila siku. Miaka mitano baadaye, wakati anaandika, watoto bado hawaruhusiwi kugusa mkate wake wala kunywea kikombe chake.

Harufu, Mwajuma. Watoto wake mwenyewe.

Idd uliyokuja, ulifungua madirisha yote ya sebuleni kabla hujakaa. Mama yako alikuwa ametoka Feri alfajiri na samaki wake, alikuwa anakaanga uani. Hakusema kitu. Mimi pia sikusema. Lakini wiki ile yote jiko alilihamishia nyuma ya choo, na mpaka leo anakaangia kule, kwenye jua. Kama hukujua, sasa umejua.

Ya baba yako mdogo pale msibani siyarudii, ulikuwepo na uliyaona. Nakuomba tu ukumbuke kwamba naye hakuondoka hapa akiwa hivyo. Alikuwa mtoto mwema, alilia uwanja wa ndege kuliko mama yake. Hakuna aliyemfundisha kiburi kule. Aliona barabara safi, maji yasiyokatika, ofisi ambako huhitaji kumjua mtu ili uhudumiwe, na kila alichokiona cha kweli kilimsogeza mbali nasi. Hiyo ndiyo hofu yangu, kwamba utakachokiona kitakuwa kweli. Gulliver hakudanganywa na farasi. Walikuwa bora kweli. Kosa lake ni kwamba alipokuwa kwa watu hakumwona Pedro de Mendez aliyesimama mbele yake na suti mkononi.

Usidhani nakukataza kuona. Mimi najivunia ufadhili huo mpaka nimemwambia kila mteja, na wengine nimewaambia mara mbili. Mtoto wa muuza vitabu vya mtumba anakwenda kusoma shahada ya pili. Umefika hapo kwa famasia, sawa. Fasihi uliyokuwa unaitaka wewe wakati ule, mambo yale tuliyazungumza yakaisha, na vitabu vimekuwepo mezani siku zote, hakuna aliyekuzuia kusoma. Hiki cha begini ni chako. Usikiuze.

Lilliput wana sheria moja inayoniumiza. Wanasema mtoto hana deni kwa wazazi kwa sababu ya kumzaa, na kwamba wazazi ndio watu wa mwisho wa kuaminiwa kulea watoto wao. Wanawaweka watoto kwenye nyumba za malezi, mzazi anaruhusiwa kumwona mwanawe mara mbili kwa mwaka, saa moja, na mlezi amesimama pembeni kuhakikisha hamnong'onezi kitu. Nimeisoma nikabisha kwa sauti, mdogo wako akadhani napigana na mtu. Ada sikudai. Sitaki nyumba, sitaki gari, wala usitume hela mwaka wa kwanza, kula vizuri, kule ni baridi. Ninachotaka ni kwamba siku ukirudi ukae mkekani karibu na mama yako na kula naye sahani moja. Hicho ndicho nadai, na nitakidai nikiwa hai.

Na ukiwa na la kusema kuhusu sisi, sema. Swift aliwasema watu wake vibaya kuliko mtu yeyote, lakini hakuhamia bandani. Mwaka 1724 serikali ya Uingereza ilitaka kuwaingizia Waayalandi sarafu duni za shaba, yeye akaandika barua kwa jina la bandia kuwaambia wazikatae. Ikatangazwa zawadi ya pauni 300 kwa atakayemtaja mwandishi. Dublin nzima walimjua na hakuna aliyemtaja. Alipokufa mwaka 1745, mali yake aliiacha ijenge hospitali ya wagonjwa wa akili katika mji ule ule aliougombeza. Mtu akitugombeza namna hiyo namsikiliza usiku kucha. Tuseme namna hiyo.

Nami kwa upande wangu nakuahidi jambo. Katika Kusadikika, wajumbe sita wanatumwa kila upande, mpaka mbinguni na ardhini, wanapata taabu njiani, wanarudi na mambo mema ya nchi nyingine, na nchi yao inawafunga gerezani. Mpaka Karama, naye akiwa mshitakiwa mikononi mwa Waziri Majivuno, anasimama barazani kuwasimulia mmoja mmoja. Mimi sitakuwa Majivuno kwako. Ukirudi ukaniambia vitabu vyangu nivipange namna nyingine, au dawa za bibi zimewekwa vibaya, nitasikiliza. Sitasema "huyo ameshakuwa Mzungu". Nimewahi kulisema neno hilo kwa watu wengine, najua linavyofunga mlango.

Mama yako amesoma mpaka hapa juu ya bega langu, anasema mambo ya jiko nisingeandika. Nimeyaacha.

Mambo ya hapa. Tenki jipya tumeliweka, lakini fundi ameacha bomba moja linavuja na simu hapokei. Ada ya mdogo wako muhula huu imelipwa nusu, usimuulize, nitamalizia vitabu vya shule vikianza kuuzwa Januari. Bibi anataka umwachie ile radio ndogo, kubwa inamshinda vitufe. Khanga mbili mama yako amezitoa kwenye sanduku lake, zikunje uweke begini hata kama huna nafasi, toa kitu kingine. Pilipili ya kusaga nimemwambia afunge kidogo, na dagaa nimemkataza, akikupigia umwambie nawe umekataa, tuwe na neno moja.

Begi la bluu zipu yake haifungi mpaka mwisho. Usilazimishe, itakukatikia uwanjani. Ukishuka treni kutoka Morogoro Jumatano, kaka yako atakupokea stesheni, mpitie pale Kariakoo kwa yule fundi viatu wa pembeni ya duka la nyuzi, anabadilisha zipu ukisubiri. Mlipe kabla, jioni huwa anafunga mapema.

Mimi baba yako.