Mdogo wangu, hiyo 100 kwenye keki ya Bibi imetoka wapi?

Mdogo wangu,

Nimeona kwenye kundi la familia kwamba Desemba, watu wakisharudi nyumbani Machame, Kilimanjaro, tunakata keki ya Bibi ya miaka 100. Nani amehesabu? Kama mmetazama kitambulisho, mwaka ule ulikadiriwa tu dirishani kwa karani. Na umri wa mzee huongezeka kila unaposimuliwa.

Kuupata mwaka wake wa kuzaliwa, anzia kwa watoto. Ukimwuliza alizaliwa lini atakujibu "zamani", basi. Muulize hivi: Thomas Marealle alipotawazwa Mangi Mkuu, yaani mtawala wa Wachagga wote, Januari 1952, mzaliwa wako wa kwanza alikuwa tumboni, mgongoni, au ameshaanza kufukuza kuku? Akisema mgongoni, mtoto ni wa 1950 au 1951. Kama Bibi alimzaa akiwa na miaka 18 hadi 20, yeye mwenyewe ni wa kati ya 1930 na 1933. Mtu huyo hafikishi 100 kabla ya 2030.

Tukio moja halitoshi. Chukua na usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Alexander Nyirenda alipofikisha mwenge kileleni Kibo. Alikuwa na watoto wangapi? Wakipishana miaka miwili hadi mitatu, watarajie wanne hadi sita. Akikutajia wawili, ama mwaka ule wa kwanza umekosewa, ama kuna watoto hawatajwi.

Hapo majina ndiyo yanasema. Kwetu Wachagga kijana wa kwanza hubeba jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Wasichana nao vivyo hivyo kwa mabibi. Ukikuta kijana mkubwa anayejulikana ana jina la upande wa mama, huenda alitanguliwa na kaka aliyefariki mchanga. Usiliulize hilo wajukuu wakisikiliza. Ngoja asubuhi, Bibi ameshakunywa uji, mko wawili tu jikoni, umwulize "ulijifungua mara ngapi?" Ukisema "una watoto wangapi?" atakuhesabia walio hai. Nusu saa inatosha, akichoka anaanza kukukubalia kila kitu.

Akitaja "kaka yangu", kalamu isikimbie. Uliza kwanza: tumbo moja? Kaka huyo anaweza kuwa mtoto wa baba yake mdogo, au wa mke mwenza wa mama yake, na wewe umeshamchora kwenye mstari wa ukoo usio wake.

Usharikani kuna madaftari. Walutheri wako Machame tangu 1893. Wengi hukosea kumtafuta Bibi kwa ukoo wa Babu. Alibatizwa na kupata kipaimara kabla hajaolewa, kwa hiyo tafuta jina la baba yake. Na usichukue tarehe ya ubatizo kuwa ya kuzaliwa, maana wapo waliobatizwa wakubwa. Kipaimara kinafaa zaidi: toa miaka kama 14, utakuwa karibu. Makaburi ya kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, yatazame pia, ingawa ni yale ya saruji tu yenye tarehe. Penye mimea ya masale peke yake utahitaji mzee wa kukuonyesha nani amelala wapi.

Andika kwa penseli. Ukipata ukurasa wa kipaimara nipigie hata usiku, na keki isiagizwe kwanza. Mwokaji anataka siku tatu tu.

Dada yako