Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Semeni Kwamba Mbu Hao Watauma

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, nakuandikia kabla ndoo ya kwanza ya mayai ya mbu haijawekwa uani kwa mtu. Sipingi mpango wenyewe, yaani kueneza mbu waliowekewa bakteria aitwaye Wolbachia ili kupunguza homa ya dengi. Ninachohofia ni maneno yatakayoutangulia.

Wolbachia ni bakteria anayeishi ndani ya seli za wadudu. Inakadiriwa yumo katika karibu nusu ya aina zote za wadudu. Aligunduliwa mwaka 1924 ndani ya mbu aina ya Culex. Lakini Aedes aegypti, yule mwenye madoa meupe anayeeneza dengi, kwa asili hana bakteria huyu. Watafiti walimtoa kwa nzi wa matunda wakamdunga katika mayai ya Aedes, na ikaonekana kwamba virusi vya dengi hupata shida kuzaliana ndani ya mbu huyo mpya. Uzuri zaidi uko kwenye ndoa zao. Dume mwenye bakteria akikutana na jike asiye naye, mayai hayaanguliwi. Jike mwenye naye huzaa na dume yeyote, na karibu watoto wote hurithi. Basi bakteria anajienezea mwenyewe, kizazi baada ya kizazi. (Nakiri hapo ndipo mimi niliponaswa.)

Wala si ndoto za maabara. Kule Yogyakarta, Indonesia, mji uligawanywa katika maeneo 24, nusu yakapewa mbu hao kwa kura. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha dengi imepungua kwa asilimia 77, na waliolazwa hospitali kwa asilimia 86.

Sasa tatizo langu. Ili bakteria ajenge ukoo, ni lazima majike yawemo, na jike huuma. Kwa muda mbu wataongezeka, hawatapungua. Mama akiwa anajikuna usiku kucha huku redio ikimwambia hawa ni "mbu rafiki", atanunua dawa apulize nyumba nzima, na hapo ataua kilekile mlichopanda. Singapore wamechagua kuachia madume tu, ambayo hayaumi, ila kazi ya kuachia haina likizo. Chagueni njia mnayoitaka, kisha mwambieni huyo mama ukweli mapema.

Tafadhali pia, malaria isitajwe kwenye mabango. Hiyo ni kazi ya Anofelesi, mbu mwingine kabisa. Ipo Microsporidia MB, kiumbe wa jamii ya kuvu aliyepatikana katika Anofelesi wa Kenya, na utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha humkinga mbu huyo asibebe vimelea vya malaria. Lakini huo bado ni utafiti. Mtu akiugua malaria baada ya kuambiwa mbu wetu hawaambukizi, mwakani hatafungua mlango.

Kuhusu uvumi kwamba mbu hao wamebadilishwa jeni, jibuni kwa ufupi: jeni za mbu huyo hazikuhaririwa. Kuhusu joto msijibu kwa ufupi. Viluwiluwi wakikulia kwenye maji yenye joto kali, Wolbachia hupungua mwilini mwao, kwa hiyo upimaji lazima uendelee hata baada ya ndoo kuondolewa, na takwimu za kila eneo zibandikwe hadharani, hata zile za aibu.

Ndoo yangu nitaipokea. Naomba tu karatasi itakayokuja nayo iandikwe juu kabisa, kwa herufi kubwa: hawa wanauma.

Wako mtiifu,
Mwananchi