Mjomba, safari ijayo kunja kulia Usa River

Mjomba, shikamoo.

Juzi kwenye kikao cha harusi ulisema mbuga ni za Wazungu, na kwamba pasipo na simba hela yako imeliwa. Nilinyamaza kwa heshima ya wakubwa waliokuwepo. Sasa naomba nijibu.

Miaka yote unatoka Moshi kwenda Arusha, na pale Usa River hugeuzi hata shingo. Ukikunja kulia, njia inakupeleka geti la Ngongongare, Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa 1960, kabla hata ya uhuru. Ukisonga mbele unayakuta maziwa ya Momella.

Yako saba, yamekaribiana, lakini hayafanani: hili la kijani, jirani yake la buluu. Maji yake mengi hutoka chini ya ardhi, yana magadi, na kila ziwa lina madini na mwani wake. Aliyeyazaa ni Mlima Meru mwenyewe. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, tope na mawe yakatapakaa hadi huku, na mabonde yaliyobaki katikati ya vilima yakajaa maji.

Heroe, wale ndege wenye miguu mirefu wanaoitwa flamingo, usiwatazame kwa mbali ukaishia kusema ni wapinki. Azima darubini. Anainamisha shingo mpaka kichwa kinapinduka juu chini, mdomo unachuja maji, mwani unabaki ndani. Rangi yake hutokana na chakula hicho. Dereva akikuhakikishia utawakuta wengi, usimwamini. Wanahama kufuata malisho. Oktoba hadi Aprili kuna na ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya.

Simba kweli hakuna, na kwangu hiyo ndiyo raha yenyewe. Hakuna magari yanayofukuzana kisa simba kalala chini ya mti. Twiga anavuka barabara kwa muda anaoutaka yeye, nanyi mnasubiri. Kuro, aina ya swala mkubwa, anakugeuzia mgongo, na lile duara jeupe makalioni utadhani kakalia rangi mbichi. (Chui na fisi wapo, ila kuwaona ni bahati.) Nyati ndio wa kuheshimu: ukitaka kutembea kwa miguu, unafuatana na askari mwenye bunduki.

Gari nitatafuta mimi, mafuta tutachangiana. Wewe beba sweta, asubuhi kule kuna baridi, na usisahau kitambulisho cha taifa. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, kidogo mno kuliko mgeni, ila getini lazima uthibitishe.