Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: logibuku zetu zisiishie kufungia karanga

Mheshimiwa Waziri,

Nina miaka 73, kwa hiyo sina hakika nani kati yetu aanze kumwamkia mwenzake. Cheo chako kinanidai shikamoo, mvi zangu zinakudai wewe. Tuseme tumeshaamkiana, niingie kwenye jambo lililonileta.

Mimi ni rubani mstaafu. Nakuandikia kwa niaba ya wazee tisa, zamani tulikuwa kumi na saba, tunaokutana kila Alhamisi asubuhi chini ya mwembe pale Karakata, jirani na uwanja wa ndege. Siandiki kudai mafao. Wapo wenzangu waliotaka barua hii iwe ya mafao mwanzo mpaka mwisho. Tukabishana Alhamisi mbili nzima, kahawa ikapoa. Wana haki yao. Ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mkataba wa kugawana mali zake ukaja kusainiwa 1984, na watumishi wake waliendelea kusubiri muda mrefu baada ya hapo. Lakini hilo lina barua zake na mawakili wake. Ninachoomba mimi ni kidogo zaidi: chumba kimoja, na kijana mmoja mwenye kinasa sauti.

Mwaka jana tulimzika mwenzetu, rubani wa Fokker na baadaye Boeing. Baada ya arobaini tulikwenda watatu kwa mjane wake Tabata kumjulia hali, na kuulizia logibuku zake. Kwa asiyejua, logibuku ni daftari la jalada gumu ambamo rubani huandika kila safari aliyoruka, tangu siku ya kwanza ya mafunzo hadi siku anayotua mara ya mwisho. Tarehe, namba ya ndege, ilikotoka, ilikokwenda, nani alikuwa kapteni, saa ngapi za mchana, saa ngapi za usiku. Mwenzetu alikuwa nazo sita. Shemeji akatuambia, bila ubaya wowote, kwamba wajukuu walisafisha stoo kabla ya hitima na makaratasi yote yakapimwa kwa kilo, akayachukua muuza karanga wa pale kona.

Ilibaki moja, ya mwisho, kwa sababu ilikuwa na kurasa tupu. Mkwewe anauza barafu, akaifanya daftari la madeni. Akatuletea tuione. Kurasa za mwanzo ni mwandiko wa marehemu, herufi zimesimama kama askari: Dar–Mwanza, Mwanza–Bukoba, Bukoba–Mwanza. Ukiendelea kufunua, kwenye safu ya jina la kapteni pameandikwa "mama wa genge", chini yake "fundi cherehani", chini yake "ticha wa tuisheni". Kwenye safu ya saa za usiku: 400, 600, 1,200. Ticha ndiye anayedaiwa zaidi.

Tulicheka, Mheshimiwa, hatukuweza kujizuia, na shemeji akacheka nasi. Tulipotoka barabarani hakuna aliyefungua mdomo mpaka daladala ikaja.

Simlaumu mtu. Logibuku ni mali ya rubani mwenyewe. Mamlaka ya Usafiri wa Anga huhesabu saa zilizomo wakati wa kutoa au kuhuisha leseni, basi. Akishakufa, ni karatasi.

Jambo hili linanikereketa kwa sababu nimeliona likitokea nyumbani kwetu mara moja tayari. Neno hili "rubani" halikuanzia angani, lilikuwa la baharini. Nahodha ana chombo, rubani ana njia: ndiye anayejua mwamba umelala wapi maji yakiwa makupwa, na mkondo unavuta upande gani. Babu yangu, Mafia, alikuwa rubani wa namna hiyo. Wenye majahazi walikuwa wakija kumgongea usiku. Yote aliyoyajua yalikuwa kichwani, na yalikwenda naye kaburini. Mimi niliyebaki nakumbuka tu kwamba alikuwa akitema mate majini na kuyaangalia yanaelea kwenda wapi. Alikuwa anasoma nini pale? Sikumuuliza. Nilikuwa na miaka tisa na nilidhani wazee hawaishi.

Halafu nikaja kufanya kazi ileile yake bila yeye. Unguja, njia ya kurukia imelala kaskazini-kusini. Msimu wa kaskazi tunatua tukielekea kaskazini, kusi ikishika tunageuka. Babu angeelewa hilo bila mkalimani.

Kazi niliisomea Soroti, Uganda, kwenye chuo cha urubani kilichoanzishwa na Jumuiya mwaka 1971. Nilifika 1974. Wakenya, Waganda na Watanzania tulilala bweni moja, tukagombania chai moja, na sote tulijifunza kurudi nyumbani kwa kuutafuta ule mwamba mkubwa wa mjini, maana ukiuona mwamba umeuona uwanja. Nikamaliza. Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likasimama, na Februari hiyohiyo mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Fikiria kijana ana leseni mpya mfukoni na shirika alilosomeshewa halipo. Machi likaundwa shirika letu, lile la twiga mkiani, na mimi nikapata kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye Fokker 27.

Hapa niache nijitanue kidogo, maana Fokker ilikuwa ndege ya watu. Injini zake za Dart zilikuwa na mlio mwembamba wa kuchoma masikio. Tabora walikuwa wakiusikia mbali, mtu anaacha kunywa chai anatoka kwenda kumpokea mgeni wake. Breki zake na magurudumu vilitumia hewa badala ya mafuta, kwa hiyo ukiiendesha ardhini ilikuwa inahema kama ng'ombe. Madirisha makubwa, bawa liko juu, abiria wote wanaiona nchi. Ukipita karibu na Kilimanjaro kwa futi elfu kumi na tisa na kitu, Kibo haikuwa chini yako wala juu yako, ilikuwa usawa wa macho. Nimewahi kumwona mzee wa Kichagga akiutazama mlima kutoka dirishani mpaka ukaisha, kisha akavua kofia. Wanaoruka leo na jeti wanaupita kwa juu sana, wanauonea huruma.

Sasa tunaishije? Ukitupita pale mwembeni utadhani ni wazee wa bao. Kila ndege inaporuka mazungumzo yanakatika, kila mtu anataja aina ya injini kwa sauti tu, halafu ugomvi. Mmoja wetu sikio lake la kushoto limekufa na bado hakubali kushindwa. Mwingine huamka saa tisa usiku, anaoga, anavaa, anakaa sebuleni akingoja gari la kazini. Mkewe humwambia, "Baba, gari lilikoma kuja 2009, njoo ulale." Mwingine hapandi daladala mpaka apate kiti cha mbele, na akikaa hapo macho yako kwenye saa ya joto la injini: "Dereva, temperecha inapanda." Makondakta wa Gongo la Mboto wanamjua.

Mimi langu ni presha. Rubani akifika umri fulani hupimwa afya kila miezi sita, na daktari mmoja akikunja uso tu, kazi imeisha. Miaka zaidi ya thelathini nilijifunza kuvuta pumzi taratibu ule mkanda unapojaa mkononi. Niliacha kuruka nilipotimiza miaka 60, maana mwishoni nilikuwa peke yangu kwenye ndege ndogo za Caravan za kwenda Mafia na mbugani, na anayeruka peke yake na abiria wa kulipa mwisho wake ni umri huo. Leo sina leseni ya kunyang'anywa. Bado nesi wa zahanati akileta mkanda, nafumba macho na kuhesabu pumzi.

Miezi minne iliyopita alitujia binti mmoja, rubani wa ndege za Q400, mjukuu wa jirani. Alikuja kutusalimia akakaa saa tatu. Tulimweleza kuhusu ADF, ule mshale unaotakiwa kukuonyesha mnara wa redio ulipo. Hasara yake ni kwamba radi nayo ni redio, na mshale huo ukisikia radi unamsahau mnara na kuielekea dhoruba. Alfajiri juu ya Ziwa Victoria, mvua ya usiku haijaisha, unafuata mshale ukidhani unakwenda Mwanza kumbe unakwenda kwenye tumbo la wingu. "Sasa mlikuwa mnafanyaje?" akauliza. Kila mzee akawa na jibu lake. Mmoja alihesabu dakika kwa saa ya mkono. Mmoja alitafuta visiwa. Tukamweleza pia wale wadudu wa ziwani wanaopanda kwa mamilioni, kwa mbali ni moshi mweusi umesimama juu ya maji, ukiingia humo kioo chote kinakuwa uji.

Naye hakutuachia bure. Alitueleza rada yake inavyoona, na akamsahihisha kapteni wetu mmoja, kwa adabu, jambo alilokuwa akilifundisha vibaya tangu 1985. Kisha akatoa simu atunase. Betri ilikuwa imebaki asilimia nne. Ikazima tukiwa ndiyo kwanza Bukoba.

Bukoba, Mheshimiwa, inatuuma. Novemba 6, 2022 ndege ilipotumbukia ziwani pale na watu 19 wakafa, Alhamisi iliyofuata kijiwe kilikaa kimya hadi saa nne. Sisemi hadithi za wazee zingemwokoa mtu siku ile. Uchunguzi una wenyewe, na anayejifanya kujua akiwa chini ya mwembe namwona mwongo. Nasema tu kwamba yupo mwenzetu aliyetua Bukoba miaka ishirini, na logibuku zake zina maneno ya penseli pembeni: saa ngapi wingu lilishuka, upepo uligeukaje, mara ngapi alighairi akarudi Mwanza. Alikuwa anajiandikia mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwomba asome kurasa hizo kwa sauti.

Na ile ya 1982. Februari 26, Boeing 737 yetu ikitoka Mwanza kuja Dar ilitekwa, ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, ikaishia Stansted, Uingereza. Ndege ya ruti za ndani! Niliwauliza vijana watatu wanaosomea urubani kama wanajua habari hiyo. Mmoja alidhani nasimulia sinema. Marubani walipangaje mafuta yale, ramani walizipata wapi, waliongea nini wao kwa wao na bastola ziko nyuma? Hayo hayamo kwenye gazeti. Yamo kwa watu, na watu umri unawala.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Pale Jengo la Kwanza la abiria, lile la zamani ambalo ndege ndogo za Zanzibar na Mafia bado zinatumia, tupatiwe chumba kimoja. Hata kilichokuwa stoo. Kiwe na kabati lenye kufuli, rubani akifa familia yake ijue logibuku zinapelekwa wapi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha urubani sasa. Wanafunzi wake waje Alhamisi watuulize na watubishie. Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert yamehifadhi magari ya viongozi, na ni vizuri. Huyo kiongozi lakini akienda Kigoma hakwenda kwa gari.

Kuhusu posho, tafadhali asije mtu kutuundia kamati. Tukianza kulipwa kwa kikao, hadithi zitakuwa ndefu kuliko safari zenyewe, nawajua wenzangu. Chai na kashata vinatosha. Kinasa sauti kiwe kizuri, maana ndege zinapita na wazee wawili sauti zao zimekwisha.

Ukikubali, mtume huyo kijana Alhamisi yoyote, mwembe hauna geti. Aanze na yule wa Bukoba, mwenye maneno ya penseli. Ila awahi: saa nne na nusu gari huja kumchukua kwenda kusafishwa damu, na akirudi huko huwa hana nguvu ya kuongea mpaka Jumamosi.

Wako,
Rubani mstaafu,
Karakata, Dar es Salaam