Malalamiko Kuhusu Safari ya Skipton: Mlituuzia Siku ya Soko, Mkatupeleka Siku Isiyo na Soko

Leeds,
Uingereza.
26 Juni 2025

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: SAFARI YA SKIPTON NA MALHAM, JUMANNE 17 JUNI 2025, VITI NAMBA 14 NA 15

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu. Nililipa pauni 170 kwa viti viwili, changu na cha baba yangu mzazi, mzee wa miaka 76 aliyekuja kunitembelea kutoka Kongwa, mkoani Dodoma. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu tangazo lenu lilikuwa la Kiswahili, na ni maneno ya tangazo hilo yaliyonifanya nitoe fedha. Yalisema hivi: "Siku ya soko Skipton! Tembea sokoni, ingia ngomeni, panda boti mferejini, malizia na Malham Cove. Maelezo yote kwa Kiswahili."

Kwanza nieleze kwa nini neno "soko" lilikuwa na uzito kwetu. Baba amefanya biashara ya mifugo tangu ujana wake. Ametembea minadani na mbuzi, kondoo na ng'ombe mpaka magoti yakamchoka, na sisi watoto wake wote tumesomeshwa kwa fedha za mnada. Waingereza aliwasikia kabla hajajua kusoma, kwa sababu babu yetu alikuwa kibarua katika mradi wao wa karanga ulioanza Kongwa mwaka 1947 na kufa mwaka 1951. Alipopata viza nilimuuliza anataka kuona nini huku. London hakuitaja. Alisema, "Nipeleke wanakouzia mifugo."

Ndiyo maana nilichagua Skipton, mji wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Jina lenyewe linatokana na Kiingereza cha kale na maana yake ni mji wa kondoo. Ruhusa ya kufanya soko ilitolewa na Mfalme John mwaka 1204, na hadi leo soko linafanyika katika barabara kuu, High Street, siku nne kwa wiki: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Zamani mifugo yenyewe ilinadiwa hapohapo barabarani, na mtaa wa jirani bado unaitwa Sheep Street. Siku hizi mnada wa mifugo uko pembeni ya mji, kwenye barabara ya Gargrave. Haya yote nilimsomea Baba jioni baada ya jioni, naye akawa ananiuliza wanamlipaje dalali, na kama muuzaji anaruhusiwa kumrudisha mnyama nyumbani bei isipomridhisha.

Tiketi niliyonunua ilikuwa ya Jumamosi, 14 Juni. Jumatano ya wiki hiyo mlinitumia ujumbe kwamba safari imehamishiwa Jumanne, tarehe 17, "na mambo mengine yote yako palepale". Niliwajibu siku ileile kwenye WhatsApp na kuuliza kwa maneno haya: "Jumanne soko litakuwepo? Baba yangu anakwenda kwa ajili ya soko." Mfanyakazi wenu alinijibu: "Usijali dada, soko lipo kila siku." Ujumbe huo ninao, nimeuambatanisha. Niliamini mtu aliyesema anafanya kazi hiyo kila wiki. Nilibadilishana zamu kazini mara mbili ili niipate Jumanne hiyo, na kwa sababu hiyo sikuwa tena na siku nyingine ya mapumziko kabla ya Baba kuondoka Ijumaa tarehe 20.

Basi lilipaswa kutuchukua saa 2 asubuhi. Lilikuja saa 3:50. Karibu saa mbili nzima tulisimama kando ya barabara, Baba amekaa juu ya begi langu kwa sababu hakukuwa na benchi, na namba yenu ya dharura iliita bila kupokelewa. Dereva hakusema chochote wala mwongozaji hakutupa pole. Hilo ningeweza kulisahau.

Lakini siwezi kusahau tulipoteremka High Street. Barabara ile ni pana, inapanda taratibu kuelekea kanisani na kwenye lango la ngome, na pande zake mbili zimetandikwa mawe mahali ambapo wachuuzi hupanga meza zao. Jumanne hiyo juu ya mawe yale yalikuwa yameegeshwa magari, mstari mrefu kutoka juu hadi chini. Hapakuwa na meza hata moja. Baba aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaniuliza, "Mwanangu, soko liko upande gani?" Niliingia kwenye duka la mikate kuuliza. Mama aliyekuwa akiuza alinitajia siku zile nne, akasema Jumanne hakuna. Nilitoka nikamweleza Baba. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, tutazame mji." Mzee wangu ni mtu wa kuvumilia, na alisema vile ili mimi nisiumie.

Nilimfuata mwongozaji wenu nikamwambia. Alinijibu kwamba masoko ya Wazungu ni mboga na nguo tu, hakuna tulichokikosa. Ndugu Meneja, huyo ndiye mtu mliyempa kazi ya kututembeza katika mji ambao soko lake lina zaidi ya miaka 800. Mtu aliyelelewa na fedha ya soko anajua kwamba sokoni mtu haendi kwa ajili ya bidhaa peke yake. Baba alitaka kusikia wachuuzi wanavyoita wateja. Alitaka kuona mkulima wa milima ile anavyovaa, anavyopeana mkono, anavyobishania bei. Magari yaliyoegeshwa hayawezi kumwonyesha hayo.

Ngome tuliingia, na nashukuru kwamba tuliingia, ingawa tulipewa dakika 40. Humo ndani mwongozaji alitangaza kwamba ilijengwa na Malkia Victoria. Hilo si kweli, na ubao wa pale mlangoni ulikuwa ukimsahihisha huku anaongea. Ngome ya Skipton ilianzishwa na Robert de Romille, mtu wa Normandy, mwaka 1090. Mwaka 1310 ikaingia mikononi mwa ukoo wa Clifford, waliokaa nayo karne nyingi. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, walinzi wake waliokuwa upande wa mfalme walizingirwa miaka mitatu kabla ya kusalimu amri Desemba 1645. Victoria alizaliwa mwaka 1819.

Kuna hadithi moja ambayo kwa mzee wa mifugo ingetosha kulipia safari nzima, nayo mwongozaji hakuigusa. Katika ukoo huo wa Clifford alikuwepo mtoto aitwaye Henry. Baba yake aliuawa mwaka 1461 katika vita vya kugombea ufalme, na inasimuliwa kwamba mtoto alifichwa kwa wachungaji, akakua akichunga kondoo, mpaka upande wa familia yake uliposhinda mwaka 1485 akarudishiwa mali na cheo. Waingereza wanamwita Bwana Mchungaji. Mimi nilimsimulia Baba kwa haraka, tumesimama kwenye ua mdogo katikati ya ngome, chini ya mti wa yew ambao Bibi Anne Clifford aliupanda mwaka 1659 alipokuwa akiikarabati ngome baada ya vita. Huyo naye alizaliwa humo, na alinyimwa urithi kwa sababu baba yake aliandika mali iende kwa mdogo wake mwenyewe wa kiume badala ya binti. Aliupigania kwa miaka mingi, ukamfikia mwaka 1643, akiwa na zaidi ya miaka 50. Baba ana mabinti wanne, na kila mmoja wetu amekwisha kumgawia shamba. Aliweka mkono kwenye shina la mti ule akasema, "Huyu mama nimemwelewa." Nilikuwa naanza kumjibu, mwongozaji akapuliza filimbi kutuita kwenye basi.

Tulikuwa tumekaa Skipton saa moja na nusu. Boti ya mferejini, ambayo mliiahidi na kuihesabu ndani ya bei, haikutajwa kabisa. Mfereji huo unaunganisha Leeds na Liverpool, kilomita zaidi ya 200, na ulichukua miaka 46 kukamilika, kuanzia 1770 hadi 1816. Tuliuona kwa dirishani.

Kisha tukaelekea kijiji cha Malham. Tulipita barabara ya Gargrave, na hapo nikaona kibao cha mnada wa mifugo. Nilimwonyesha Baba, akageuka akaendelea kukitazama mpaka kikapotea. Tulipofika kijiji cha Gargrave dereva akasimama, akazungumza na mwongozaji, halafu tukaambiwa kwamba njia ya Malham ni nyembamba na basi letu ni kubwa, kwa hiyo tunarudi. Njia hiyo haikuanza kuwa nyembamba siku hiyo. Mnaouza safari ya Malham mnawajibika kujua ukubwa wa basi lenu na upana wa barabara kabla ya kupokea fedha za watu. Malham Cove ni ukuta wa mwamba wa chokaa wenye urefu wa mita 80 hivi kwenda juu, ulioachwa na maji ya barafu iliyoyeyuka mwishoni mwa enzi ya barafu. Picha yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote kwenye tangazo lenu.

Kitu kimoja cha mashambani tulikipata bila msaada wenu, nacho ni kuta. Milima yote ya Dales, yaani eneo la milima na mabonde la Yorkshire, imegawanywa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, jiwe juu ya jiwe, zinapanda hadi juu kabisa ambako kondoo wanaonekana kama punje za mchele. Baba, ambaye maboma yake yote ni ya miiba, aliniomba nimuulize dereva asimame dakika tano tu ashuke, aguse ukuta mmoja, aone mawe yanavyoshikana. Dereva alikataa kwa sababu "ratiba imebana".

Ratiba hiyo iliyobana ilitupeleka kwenye duka kubwa la nguo za bei ya punguzo, tukaachwa huko saa mbili na robo. Halikuwemo kwenye tangazo. Abiria wengine walinunua vitu, na sina ugomvi nao. Baba alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, amevaa koti alilolipiga pasi kwa ajili ya sokoni.

Naomba msiniambie kwamba ningeweza kwenda mwenyewe. Najua. Treni kutoka Leeds hadi Skipton ni kama dakika 45, na nauli yake haifiki hata nusu ya mlichotoza. Nilikuja kwenu kwa sababu ya magoti ya Baba, na kwa sababu mliahidi kwamba atasimuliwa kila kitu kwa lugha yake, asitegemee tafsiri yangu ya kunong'ona.

Kwa sheria ya hapa, yaani Sheria ya Haki za Mtumiaji ya mwaka 2015, jambo ambalo mfanyabiashara amemwambia mteja kuhusu huduma, kwa mdomo au kwa maandishi, na mteja akaamua kununua kwa kulitegemea, linakuwa sehemu ya mkataba. Soko, boti, Malham na maelezo sahihi mliviandika nyinyi wenyewe. Na nilipopewa siku mpya nikauliza, mkanihakikishia.

Nadai nirudishiwe pauni 170 zote. Nimefikiria kama niwaachie sehemu kwa ajili ya ngome na nauli, nikaona hapana, kwa sababu ningejua ukweli kuhusu Jumanne nisingepanda basi lenu. Nataka pia barua ya kuomba radhi iliyoandikwa kwa jina la Baba, kwa Kiswahili, nitakayomtumia Kongwa. Hiyo naitaka kuliko fedha.

Tena rekebisheni tangazo. Hadi jana jioni bado lilikuwa linasema "siku ya soko" kwa safari za Jumanne na Alhamisi za Julai. Wengi wanaolisoma ni kama mimi: wamekusanya fedha kwa miaka kuleta mzazi mara moja, wakijua huenda asiweze kuja tena. Waandikieni siku za soko zilivyo, waambieni kama basi linafika Malham au halifiki, na wakilipia siku ya soko muwapeleke siku hiyo.

Nitasubiri majibu yenu kwa siku 14, yaani hadi tarehe 10 Julai 2025. Yasipofika nitapeleka madai yangu mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo, pamoja na viambatanisho hivi: risiti, tangazo, ujumbe wa WhatsApp wa tarehe 11 Juni, na picha nilizopiga High Street saa 5 asubuhi, mawe yakiwa yamejaa magari na Baba amesimama katikati yake.

Wenu,
Abiria wa kiti namba 14, kwa niaba yangu na ya baba yangu wa kiti namba 15